Mlango wa Nyuma wa Tamarack

Mimi sina subira, na sijawahi kujisingizia kuwa ninayo. Huku kwetu Minnesota kukosa subira ni kama kuingia kanisani peku: hakuna atakayekusema usoni, lakini kila mtu ameona. Kwa hiyo nikisikia watu wakidai kwamba jumba la maduka la Tamarack liliokolewa na uvumilivu wangu mimi, Marlys Tollefson, nacheka mpaka koo linakauka. Liliokolewa na baridi ya miguuni.

Nimelisimamia jumba lile tangu nywele zangu zikiwa bado na rangi yake. Lilipojengwa lilikuwa fahari ya mji: korido moja ndefu, paa la vioo juu yake, chemchemi katikati, na joto la kumfanya mtu atembee na shati huku nje magari yanagoma kuwaka. Lakini jengo nalo huzeeka. Vioo vilianza kuvuja, nikaweka ndoo. Vikavuja zaidi, nikaongeza ndoo. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba nyufa zile mwaka hata mwaka na ukuta ukanidai vilevile. Maduka yakafungwa moja baada ya jingine, la viatu, la kanda za muziki, la peremende. Chemchemi ikakauka, tukaichomekea maua ya plastiki.

Wenye jumba, wanaokaa Chicago, walipotuma habari kwamba wako tayari kung'oa paa, nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Korido ingekuwa mtaa wenye mbingu juu yake. Kila duka lingefungua mlango wake nje, magari yaegeshwe karibu, na pale penye chemchemi pawe uwanja: kiangazi muziki, majira ya baridi watoto wateleze kwenye barafu. Sikuwa na shaka hata chembe. Mtu anayetaka kununua buti hataki kupita kwanza katika pango lenye ndoo. Anataka kushuka garini, aingie, alipe, arudi kwake.

Kizuizi kilikuwa kimoja, na jina lake ni Verlyn Dahlgren.

Duka la akina Dahlgren liko mwisho wa korido, kubwa kuliko yote, nguo, buti, vitanda na masufuria chini ya dari moja. Baba yake Verlyn alipoingia pale alikubaliana na wenye jumba kwamba korido yenye paa inayofika mlangoni kwake haitaguswa mpaka mwenye duka aridhie kwa saini yake. Baba alifariki, makubaliano yakabaki. Chicago nao wakasema neno lao la mwisho: Verlyn asipotia saini kufikia Ijumaa, wanaliuza jumba kwa kampuni ya maghala. Watajaza maboksi humo, na sisi tutafute pengine pa kwenda.

Msanifu waliyetuletea aliitwa Rhett Castellanos, kijana wa Arizona, mwepesi wa mikono na mwepesi wa kucheka. Nilimpenda. Mgeni njoo mwenyeji apone, na huyu alikuja na michoro iliyoufanya moyo wangu uruke. Kasoro yake ni kwamba kwao watu husema wanachofikiri.

Jumatano alasiri tulikutana katika lile lililokuwa duka la viatu. Nilileta kahawa na sinia la keki ya karanga. Rhett akasimamisha picha zake: mtaa mpana, miti, watu wakitembea na mikono wazi.

"Bwana Dahlgren," akasema, "sema ukweli wako. Unaonaje?"

Verlyn ni mzee mrefu, mwembamba, aliyevaa tai kila siku ya kazi maishani mwake. Aliitazama picha kwa makini sana.

"Picha safi," akasema. "Mtu hawezi kulalamika."

"Kahawa?" nikamuuliza.

"Aa, usijisumbue."

"Kidogo tu, Verlyn."

"Hapana, hapana, sitaki kukupa kazi."

"Imeshachemka, itamwagwa."

"Basi kama itamwagwa." Akanywa kikombe kizima, akaongezewa, akasifia keki, akaacha kipande cha mwisho siniani kama tulivyofundishwa sote.

Rhett akaniinamia sikioni. "Mama Marlys, amekubali! Umemsikia? Picha safi!"

"Mwanangu," nikamwambia, "huyo bado hajafungua mdomo. Vaa koti."

Kwetu jambo la maana halisemwi mezani. Mezani tunasifia keki. La maana husemwa wakati wa kuaga, na kuaga kwetu ni safari yenye vituo. Naichukia desturi hii kwa moyo wangu wote. Nimekosa chakula cha moto mara nyingi kwa sababu mtu fulani alikuwa "anaondoka".

Verlyn akajipiga mapaja kwa viganja. "Haya basi," akasema. Hicho ndicho kituo cha kwanza. Akasimama mlangoni pa duka la viatu, akaeleza barafu ya ziwani ilivyo nene mwaka huu. Tukatembea hadi kwenye lango, tukasimama kati ya milango miwili, hapo ambapo si ndani wala nje, akaeleza samaki aliyemponyoka shemeji yake. Hapo ndipo tulipompoteza Rhett. Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya na simu yake ililia. Akampa Verlyn mkono, akasema, "Asante sana, bwana, tumemaliza!" akakimbilia ndani kwenye joto.

Mimi nikatoka. Upepo ulikuwa unakata. Verlyn akafuta theluji kwenye kioo cha gari lake taratibu, kana kwamba anampangusa mtoto. Akaingia, akawasha injini, akafunga mlango. Nikabaki nimesimama. Vidole vya miguu viliacha kuwa vyangu. Nilimtukana kimoyomoyo, yeye na ukoo wake mzima. Kisha kioo cha dirisha kikashuka kidogo.

"Binti Orville," akasema. Orville ni baba yangu, na kwa Verlyn mimi sitakua kamwe. "Ardis hutembea pale koridoni."

Ardis ni mkewe. Hapo ukisema neno, kioo kinapanda.

"Tangu kiharusi. Daktari alisema atembee kila siku, la sivyo mguu utakufa." Alikuwa anaongea na usukani. "Huku nje barafu hadi Pasaka. Akianguka hatainuka. Akikaa nyumbani ndio basi. Sasa mkiondoa paa..." Akavuta kamasi. "Lakini picha ni safi. Mwambie kijana picha ni safi."

Kioo kikapanda, gari likaondoka.

Niliumia. Niliona haya pia, kwa sababu kila asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa ni mimi ninayewafungulia watembeaji wale, wazee wenye raba nyeupe wanaozunguka korido wakihesabiana mizunguko, na Ardis ni mmoja wao. Nilikuwa nimewapangia uwanja wa watoto kuteleza na sikuwapangia wao kitu. Lakini nilikasirika vilevile. Mwanamume mzima yuko radhi kuuacha mji mzima ukose maduka kuliko kusema mezani, mbele ya watu, kwamba anamwogopea mkewe! Nikarudi ndani nikala kile kipande cha mwisho cha keki bila kumuuliza mtu.

Alhamisi asubuhi Ardis akaja kama kawaida. Verlyn humshusha lango la mashariki, kisha huzunguka na gari kwenda kufungua duka lake mwisho wa magharibi, na Ardis hutembea kumfuata, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, bakora mkononi. Lakini usiku ule theluji ya paani ilikuwa imeyeyushwa na joto la ndani, ikaangusha vipande vya paa katikati ya korido. Sakafu ilikuwa dimbwi.

"Ehee," Ardis akasema akiegemea bakora. "Mmeanza kubomoa bila ruhusa ya mume wangu?"

"Paa limeamua lenyewe, mama."

"Lina akili kuliko nyinyi. Sasa nipite wapi? Niogelee?"

Nikawaza, nikafungua mlango wa chuma kando ya duka la mikate. Nyuma ya maduka yote kuna korido nyingine, ya mizigo, inayotoka lango la mashariki, inapiga kona nyuma ya tanuri la mikate, halafu inakwenda moja kwa moja hadi ghala la Dahlgren. Mnunuzi haioni maishani mwake. Upana wake unatosha mikokoteni miwili kupishana, sakafu ni ya saruji kavu, na mabomba ya maji moto hupita juu urefu wote, kwa hiyo joto lake ni la jikoni. Mwanga tu ndio haukuwepo, taa chache za kizembe.

Ardis akaingia, akasimama, akanusa. Palinukia mkate.

"Hapa ni wapi?"

"Uani, mama. Mizigo na takataka hupita hapa."

"Wewe mtoto!" Akanipiga na glavu begani. "Miaka yote hii mnanipitisha mlango wa mbele kama mhubiri mgeni, kumbe kuna mlango wa nyuma?"

Alikuwa anatania, lakini maneno yake yalinigota kichwani. Kwetu mlango wa mbele ni wa wachuuzi, wahubiri na majeneza. Mtu wako haugongi. Huzunguka nyuma, huvua buti jikoni, na huuliza kuna nini cha kula. Nilimtazama Ardis akienda na bakora yake, tok, tok, akisoma matusi ambayo wapakiaji waliandika ukutani na kuyacheka kwa sauti. Hakuwa amelowa, hakuteleza, na alikuwa anafurahi.

Nikampigia Rhett simu.

"Korido ya mizigo, ukuta wake wa nje unatazama wapi?"

"Kusini," akasema bila kufikiri. "Kwa nini? Kwenye michoro nimeigeuza kuwa stoo. Malori nimeyahamishia kaskazini."

"Watembeaji wangu, je, wangeweza kutembea humo?"

Nikasikia kiti kikisukumwa. "Kusini! Mama Marlys, jua la majira ya baridi lote liko kusini! Nikitoboa madirisha... subiri. Mabomba yanabaki. Ukuta ni tofali tu, haubebi kitu. Madirisha makubwa, mabenchi chini yake. Paa la mbele linaondoka, hili la nyuma linabaki. Usikate simu! Hapana, kata, nichore."

Nilikwambia nilimpenda kijana yule. Alichora siku nzima, na kila alichochora kilikuwa bora kuliko nilichofikiri.

Ijumaa asubuhi tukaenda nyumbani kwa akina Dahlgren. Rhett akashuka garini na karatasi zake, akaanza kupanda ngazi za mbele, theluji magotini. Nikamshika kola.

"Unakwenda kuzikwa? Pita huku."

Tukazunguka nyuma, tukavua buti, tukaingia jikoni. Ardis alikuwa amepanga lefse, ile chapati yetu ya viazi, siagi na sukari juu yake.

"Kahawa, kijana?" akamuuliza Rhett.

"Aa, usijisumbue, mama."

"Kidogo tu."

"Sitaki kukupa kazi."

"Imeshachemka."

"Basi kama imeshachemka," Rhett akasema, akanitazama pembeni kama mwanafunzi aliyejibu hesabu. Nilitaka kumkumbatia.

Akaitandaza michoro mezani, akaeleza bila mbwembwe: mtaa wa wazi mbele, korido ya watembeaji nyuma, madirisha, mabenchi, joto lilelile, mlango wazi kila asubuhi kabla ya maduka. Nikasema hata wachoraji wa matusi ukutani tutawaomba wahamie kwingine.

"Waacheni," Ardis akasema. Akaukagua mchoro, akaukagua tena. "Si mbaya," akasema.

Kwa mwanamke wa huku hiyo ni sawa na kupiga vigelegele. Nikamtazama mumewe. Kalamu ilikuwa mbele yake.

"Mchoro safi," Verlyn akasema. "Mtu hawezi kulalamika."

Na kalamu haikuguswa. Akasifia theluji ilivyopungua. Akamuuliza Rhett kama Arizona kuna samaki. Nilijihisi nikichemka kutoka kwenye soksi kupanda juu. Ilikuwa Ijumaa, Chicago walikuwa wanasubiri simu yangu kabla hawajafunga ofisi, na dawa ya hofu yake ilikuwa mezani imechorwa kwa rangi! Alitaka nini tena? Nusura nibweke. Lakini nilikumbuka niko wapi. Nikajipiga mapaja mwenyewe.

"Haya basi," nikasema.

Tukasimama mlangoni pa jikoni, tukazungumza habari za mbwa wa jirani. Tukavaa buti, tukazungumza habari za buti. Tukatoka. Safari hii Rhett hakukimbia. Alisimama pale masikio yakiiva, akitikisa kichwa kila Verlyn alipotaja hali ya hewa. Tukaingia garini, nikawasha injini. Verlyn alikuwa ametufuata na ndara za nyumbani na sweta. Nikashusha kioo changu.

Akainama, mikono juu ya mlango. Pumzi yake ilikuwa inatoka kama moshi.

"Kwa hiyo atakuwa anapita nyuma," akasema.

"Pakavu, Verlyn. Na pana joto."

"Ndiyo. Ndiyo, pakavu." Akatazama theluji. "Meza yangu iko mbele."

Sikuelewa. Nikangoja.

"Karibu na mlango wa korido. Namwona tangu anapoizunguka chemchemi. Mdogo kwanza, halafu anakua, anakua, mpaka anafika. Mguu ukiburuta sana najua leo si siku nzuri, sitamwacha apike." Akapangusa theluji kwenye kioo cha pembeni. "Yeye hajui. Anadhani nasoma gazeti. Sasa akipita nyuma, binti Orville, nitamwona wapi?"

Hapo hasira yangu yote ilikwisha. Ilitoka kwa dirisha lile, ikaenda zake. Kumbe hakuwa anaogopa barafu peke yake.

Rhett akajinyoosha kutoka kiti cha pili, karibu anilalie mapajani. "Bwana Dahlgren, korido ya nyuma inaishia kwenye ghala lako. Pale mwisho kuna mlango wa chuma. Nitauondoa niweke wa kioo, kutoka juu hadi chini. Ukikaa ghalani utamwona tangu kwenye kona ya tanuri la mikate."

"Ghalani," Verlyn akasema.

Mtu yule alikuwa amekaa mbele ya duka lake, na tai yake, tangu baba yake alipomwachia kiti. Watu waliingia wakamkuta pale. Ndiyo iliyokuwa heshima yake mjini.

"Basi," akasema, "nitahamisha meza."

Nikatoa karatasi haraka kabla hajaanza habari za mbwa. Akaiweka juu ya boneti, akasugua kalamu. Wino ulikuwa umeganda. Akaipulizia, akasugua tena, karatasi ikapasuka pembeni.

Mlango wa jikoni ukafunguka. "Verlyn Dahlgren!" Ardis akapaza sauti. "Umetoka na ndara! Ingia utie saini ndani kama binadamu!"

Tukazima gari. Tukazunguka nyuma, tukavua buti, tukakataa kahawa, tukainywa. Verlyn akatia saini mezani, mbele ya watu wote, na nadhani hakuna Dahlgren aliyewahi kufanya jambo kama hilo. Kisha kuaga kukaanza upya kutoka kwenye mapaja, na sikulalamika. Chicago niliwapigia nikiwa jikoni palepale, mdomo umejaa lefse.

Mei paa likashuka. Nilisimama pale kwenye chemchemi nikaona mbingu mahali ambapo nilikuwa nimezoea kuona madoa ya maji, nikalia mbele ya wafanyakazi, na sikujali. Kufikia vuli kila duka lilikuwa na mpangaji, hata lile la viatu. Nilisema itafaa, ikafaa.

Theluji ya kwanza ilipoanguka niliwafungulia watembeaji korido yao. Jua lilikuwa limeingia kwa madirisha yote. Huko mwisho, ghalani, kati ya magodoro yaliyofungwa nailoni, Verlyn alikuwa mezani pake na tai yake. Nikatembea na Ardis kutoka lango la mashariki. Mguu ulikuwa unaburuta vibaya asubuhi ile, akiegemea bakora kwa uzito wake wote. Kabla ya kufika kwenye kona akanishika mkono.

"Kioo chake kinaanza kuniona wapi?"

Nikamtazama. "Unajua?"

"Mwanangu, mtu gani husoma gazeti bila kufunua ukurasa? Zamani nilikuwa najiweka sawa nyuma ya chemchemi. Niambie, anaanza kuniona wapi?"

Nikamwonyesha mahali, hatua moja mbele, kwenye kona ya tanuri la mikate. Ardis akasimama hapohapo alipokuwa, akapumua, akavuta koti likakaa sawa, akanyoosha mgongo, akaenda.